Fundi rangi na maua yasiyokuwepo

Saa mbili na robo asubuhi, jua likiingia kwa ubavu kwenye dirisha lisilo na pazia, mwanamume wa miaka hamsini na nane amesimama karibu sana na ukuta, shavu nusura liguse saruji. Kiganja chake cha kulia kinateremka taratibu kutoka juu hadi chini, kama cha mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Yapo?" anauliza.

"Hayapo," anajibu mkewe, aliyechuchumaa akikoroga rangi kwa kijiti. "Ukuta mtupu, baba watoto. Endelea."

Naye anaendelea.

Mtaani wanamwita Mkono Mmoja. Mgeni akilisikia jina hilo humtazama mabega kwanza. Mikono anayo yote miwili. Jina lilitokana na majigambo yake ya ujana, kwamba ukuta ambao wenzake huupiga rangi mara tatu, yeye huumaliza kwa mkono mmoja tu wa rangi. Kwa miaka thelathini na moja ameishi kwa brashi, rola na ngazi, na kwa hivyo hivyo amesomesha watoto watatu.

Mwaka juzi macho yalianza kufifia katikati. Pembeni anaona, lakini akikutazama usoni, uso wako ndio unaopotea. Hilo alilivumilia. Kilichomnyima raha kilikuja baadaye: maua.

"Madogo, mekundu, yamepangwa safu kwa safu," anaeleza. "Mazuri, sitasema uongo. Lakini yako kwenye ukuta wa mtu aliyetaka nyeupe!"

Alidhani ni rangi ya zamani inatokeza. Sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu alipiga mkono wa pili, maua yakabaki. Akapiga wa tatu. Akapiga wa nne. Akaenda dukani kugombana na muuza rangi, akamwita tapeli mbele ya wateja. Mwenye nyumba alipoingia, fundi akamwomba radhi.

"Mama, nivumilie. Haya maua sugu."

"Maua gani, fundi?"

"Nilishuka kwenye ngazi," anakumbuka. "Nikasema basi, iliyoondoka ni akili, wala si macho."

Akaficha kwa miezi mitano. Kutoka nyumba nne kwa mwezi, akabaki na moja, kwa kukataa mwenyewe. Aliogopa kuitwa mwendawazimu, na woga wake haukuwa wa bure. Habari zilitoka dukani kwa muuza rangi zikafika kijiweni, na vijana aliowafundisha yeye namna ya kushika brashi wakawa wanamsalimia kwa kejeli: "Mzee, bustani umeshamwagilia?" Aibu ni yao. Kuta wanazojivunia leo wanazipaka kwa ujuzi wake.

Mkewe aligundua adhuhuri moja, alipomkuta akijaribu kuokota ua kwenye shuka jeupe.

"Nilikaa kando yake," anasema mama huyo. "Nikamuuliza, la rangi gani? Akalia."

Kesho yake alimshika mkono wakaenda kliniki ya macho. Daktari hakucheka. Alieleza kwamba retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, umechakaa katikati. Kwa kawaida utando huo hupeleka habari kwa mshipa wa fahamu hadi nyuma kabisa ya ubongo, na huko ndiko kuona kunakokamilika. Habari zikipungua, sehemu hiyo ya ubongo hailali. Hujichorea picha zake. Wengine huona nyuso, wengine matofali.

"Mzee, akili yako nzima," alimwambia. "Ubongo umekosa kazi, ukajitafutia."

"Ubongo wa fundi huo," mkewe anadakia, akicheka. "Ungekaaje bure?"

Retina iliyochakaa kiasi hicho, waliambiwa, hairudi. Ila kupepesa macho, kuhamisha macho huku na huku, au kuongeza mwanga chumbani huweza kuyafukuza maua kwa muda. Yakikataa, yupo mke. Kiganja cha mume kinatafuta kasoro, macho ya mke yanatoa neno moja, na hapo kazi inasonga.

"Kuna siku nilichoka kuulizwa, nikamtania nikasema yapo," mkewe anakiri. "Akachukua msasa, maskini, akaanza kusugua. Sitarudia."

Leo wapo tena kwa yule mwalimu mstaafu. Amewaita mwenyewe, safari hii wampakie rangi chumba cha kulala. Lakini jicho la kulia nalo limezidi kufifia, na daktari hakuwaficha kwamba katikati panaweza kupotea kabisa. Kwa hiyo wamepanga: kabla ya mwaka kwisha, brashi ataishika mke, na fundi atabaki na kiganja. Mafunzo yameshaanza. Ukuta wa chini ya dirisha ameupiga msasa mke mwenyewe.

Fundi anaupitia kwa vidole, anasimama.

"Hapa msasa haujafika."

"Umefika! Nimepita mwenyewe, mara mbili."

"Lete taa."

Anaileta, anaiegemeza ukutani, mwanga upite kwa ubavu. Kibonge kidogo kama punje ya mchele kinatupa kivuli chake.

"Mbona mimi sikukiona?"

"Ulikuwa unatazama," anasema mumewe, tayari anasugua.

Mkewe anampokonya msasa. "Lete hapa, niachie. Nitajifunzaje?"

Fundi anasogea kando kidogo, lakini kiganja hakiondoi. Anakiweka juu ya mkono wa mkewe, na mikono hiyo miwili inazunguka pamoja, polepole, mpaka pale mahali panakuwa laini.