Miaka Yangu Nikiwa Mtu wa Nyuma

Siku ya kwanza kazini nilifika kwenye geti la mlima nikiwa na viatu vyangu mwenyewe, maana buti za kazi za saizi yangu zilikuwa zimeisha stoo. Sajini aliyenipokea, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliviangalia kwanza vile viatu, kisha akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kapkatet, kwa wakulima wa majani chai.

"Basi baridi unaijua," akasema. "Lakini ukungu wa huku huujui. Utaujua."

Niliitikia kwa heshima, lakini moyoni nilijiuliza huyu mzee anamfundisha nani habari za ukungu. Mimi nimezaliwa ndani yake.

Vijana wa siku hizi wakisikia nilikuwa renja kwenye hifadhi ya mlima, wanadhani nilikuwa nakimbizana na majangili kila siku. Kazi kubwa ilikuwa kutembea na wageni. Wakifika getini tunaandika majina yao kitabuni, na wakishuka tunayakata moja moja. Jina ambalo halijakatwa lilimkosesha Sajini chakula cha jioni, na sisi pia, kwa sababu hakupenda kulala njaa peke yake. Kila kundi lilipanda na marenja wawili. Wa mbele anachagua njia na mwendo. Mwingine ndiye mtu wa nyuma, na Sajini alinieleza kazi yake siku hiyo hiyo ya kwanza, tukiwa bado tumesimama pale getini.

"Hakuna mgeni anayebaki nyuma yako. Akisimama, unasimama. Akikaa, unakaa. Akilala usingizi, unakaa karibu naye mpaka aamke, na ukishikwa na mafua, shauri yako."

Nilikaa getini miaka mitatu. Halafu nikapelekwa kituo cha juu ya mianzi, mahali msitu unapokwisha na vichaka vya baridi vinaanza. Mkuu wa Kituo pale alikuwa mpole, mtu wa kusali sana, na alitufundisha kuujua ugonjwa wa kimo, ule wa hewa kuwa nyepesi. Alisema usimwulize mgeni kama anaumwa, atakudanganya. Mwambie akuhadithie kuhusu watoto wake. Akianza kuchanganya majina, mshushe. Nilishusha wengi kwa njia hiyo, na mwalimu mmoja aliniapiza njia nzima kisha akanishukuru tulipofika chini. Nikapanda cheo, nikajiona najua mlima wote.

Wakati huo ndipo akina mama wa kanisa letu la nyumbani walikuja kutembea, pamoja na mchungaji. Waliamka alfajiri kule Kapkatet wakasafiri siku nzima, wakalala kwenye mabanda ya geti, na asubuhi nikashuka kuwapokea, nikawakuta wamejipanga na sweta na leso. Kati yao alikuwa Mama Rose. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, na yeye alichuma huko mpaka akastaafu, akanunua kashamba karibu na kwetu. Alichuma mstari mmoja na mama yangu wakati mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Kwangu yeye ni mama, sina neno lingine.

Alikuwa amekuja na ile nailoni nzito ambayo wachumaji hujifunga kiunoni majani yakiwa na umande. Wenzake walimcheka, wakamwuliza kama mlimani kuna chai.

"Chekeni tu," akasema. Kisha akanigeukia. "Kiprono, mimi maisha yangu yote nimeangalia chini, kwa majani. Nataka siku moja niangalie nikiwa juu."

Nikamwambia leo ataangalia mpaka achoke.

Saa tatu na nusu tulikuwa tumepita mianzi, na ukungu ukashuka. Mimi nilikuwa mtu wa nyuma, na Mama Rose ndiye alikuwa wa mwisho mbele yangu. Akasimama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anataka kuingia kando kidogo. Nilielewa. Kwetu mwanamume hasimami karibu na mama wa rika la mama yake akienda kujisaidia. Hata kujifanya husikii ni kukosa adabu, unaenda mbali. Na ukungu sikuuogopa, kwa sababu wa kwetu ni wa asubuhi, ikifika saa nne jua linautoa kwenye chai na kazi inaendelea. Nikamwambia, "Mama, njia ni hii moja. Tunakungoja pale mbele." Nikaenda.

Hiyo ndiyo heshima yangu, na ndiyo makosa yangu.

Saa nne ilifika, ukungu ukazidi. Mama Rose hakuja. Nilirudi mbio mpaka pale nilipomwacha, nikaita, nikapuliza filimbi, hakuna. Kulikuwa na njia ya nyati iliyokata yetu, pana na safi kuliko ya watu, na nikajua ameifuata hiyo. Nilimwita Sajini kwa redio. Akapanda na watu wote waliokuwa getini, akatupanga mstari mmoja, kila mtu amwone mwenzake, tukatembea polepole. Mvua ya mawe ikaanza. Sitawaficha, nililia nikitembea. Nilikuwa nafikiria nitamwambia nini mama yangu.

Tulimpata saa nane kasoro. Alikuwa amekaa chini ya jiwe, nailoni imemfunika kichwa mpaka miguu, anagonga jiwe kwa fimbo yake, tatu, anapumzika, tatu tena. Midomo ilikuwa imekauka kwa baridi lakini akili ilikuwa timamu.

"Nilipoona nimepotea mstari nilisimama," akaniambia. "Kwa chai ukungu ukifunga huhami. Unagonga kikapu mpaka wenzako wakusikie."

Yeye ndiye alijua la kufanya, mimi renja sikujua.

Jioni Wadeni, mkubwa wa hifadhi yote, alituita mbele ya ofisi, akina mama wote wakisikia. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Nani alikuwa mtu wa nyuma?"

"Mimi, Afande."

"Ilikuwaje?"

Kazi yangu yote ilikuwa kwenye jibu hilo. Nikasema, "Mgeni aliacha njia bila kuniambia, Afande."

Mama Rose aliniangalia. Nilijua hawezi kusema kitu. Angesema nini mbele ya Wadeni na mchungaji, kwamba alikuwa ameinama kichakani? Alifunga leso yake vizuri, akaangalia chini. Wadeni akaandika vile nilivyosema, na jina la Mama Rose likakatwa kitabuni pamoja na mengine.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, vituo viwili vingine, na hakuna mgeni aliyewahi kubaki nyuma yangu tena. Mwaka juzi nilistaafu kwa heshima. Wakanipa saa ya ukutani na hotuba, na mkubwa mpya akasema sijawahi kupoteza mtu. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Nyumbani ndipo nilipata deni langu. Kanisani kuna akina Rose wawili, na nilisikia watu wakiwatofautisha: Rose wa Duka na Rose wa Kupotea. Nikamwuliza mke wangu. Akasema jina hilo ni la zamani, la kule mlimani. Kila mwaka akina mama wanaenda safari yao, na kila mwaka mwenyekiti wao anamwambia, "Rose, wewe baki utuchemshie chai."

Nilimkuta Mama Rose akipalilia mboga. Nilimwomba msamaha nimesimama, kofia mkononi.

"Nilijua ulidanganya," akasema, bila kuacha jembe. "Wewe ulibaki na kazi. Mimi nilibaki na jina."

"Ulikasirika, Mama?"

"Sana. Miaka. Halafu nikazeeka, hasira inataka nguvu." Akaniangalia. "Lakini juu sikufika, Kiprono."

Jumapili niliomba nafasi ya kusema. Niliwaeleza wote kwamba mama huyu aliniaga vizuri, kwa haja ambayo kila mtu anayo, na mimi ndiye niliyemwacha, kisha nikamtupia kosa. Ilikuwa ngumu kuliko kupanda mlima. Mwenyekiti alilia kidogo. Mama Rose alikuwa anatafuta ukurasa kwenye kitabu chake cha nyimbo.

Mwezi uliopita tulipanda kilima chenye msitu juu ya mashamba ya chai, si kirefu, lakini ukiwa juu unaona kijani mpaka macho yachoke. Tulikuwa wanane, mimi na akina mama wa kanisa. Tulienda mwendo wa Mama Rose. Kabla ya kufika ukungu ukashuka, naye akasimama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kiprono, nataka kuingia kando."

Wenzetu wakasonga mbele. Mimi niligeuza mgongo, nikasimama pale pale kama nguzo, nikaanza kumhadithia kwa sauti kubwa habari za mvua ya mawe na ng'ombe wangu aliyekataa kukamuliwa, ili asikie niko wapi. Nikamaliza habari za ng'ombe nikaanza za mbuzi.

"Nyamaza sasa, nimerudi," akasema nyuma yangu. "Tangulia."

Nikamwambia hapana, Mama, wewe tangulia.