Ngata ya Mjomba

Niliteremka stesheni ya Morogoro na cheti cha boma kifuani, nimekifunga ndani ya leso jasho lisije likakiharibu. Kilikuwa na muhuri wa Wadachi, kinasema naruhusiwa kuendesha gari la punda lenye mzigo. Nilikihangaikia mwaka mzima Dar es Salaam, nikipigwa mateke na punda wa watu. Reli ilikuwa bado ngeni mjini kwetu, na mimi nilijiona mgeni wake wa heshima. Nilidhani wenye magari watanigombea.

Hawakunigombea. Wa kwanza alisema anataka mtu aliyezoea milima. Wa pili akasema hivyo hivyo, na mimi, ambaye hasira zangu hazikai mbali, nikamuuliza mtu atazoeaje milima kama hapewi gari. Akanionyesha mlango.

Wa tatu alikuwa Mhindi mwenye duka karibu na stesheni. Ndiyo kwanza alikuwa amenunua gari na punda wawili wa kupeleka chumvi yake Mlali. Cheti changu hakukitazama. Aliniuliza tu nitapita wapi. Nikamjibu upesi njia niliyoijua tangu utotoni: nakatiza kwa juu, nashuka kwenye migomba, navuka mto pale kwenye gogo.

"Na punda wangu," akauliza, "nao watapita juu ya gogo?"

Dukani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwaka mzima nimejifunza magurudumu, na kichwani bado nilikuwa natembea kwa miguu. Nilitoka masikio yakiniwaka.

Jambo lililoniuma zaidi sikulisema dukani. Chumvi ile ya Mlali ilikuwa ikibebwa na wapagazi, na mmoja wao alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, aliyenilea. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ujombani, na mimi nilikua nikila jasho la kichwa chake. Sasa nilikuwa nazunguka mjini kuomba kazi ya kumnyang'anya tonge mdomoni. Nilikuwa nimemwambia nimerudi kumsalimia tu.

Mji ulikuwa mdogo. Jioni ile nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, akaniuliza habari za gogo. Nikatazama chini. Hakunikaripia. Alisema kesho alfajiri twende Mlali, tufuate barabara ya magari.

Tulikwenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mjomba akitembea njia ndefu bila mzigo, na shingo yake haikujua la kufanya, ilibaki imekakamaa vile vile. Kila mahali alinisimamisha. Hapa udongo mweusi, mvua ikinyesha unameza gurudumu. Hapa shuka, washike punda kwa mkono. Kwenye mwinuko huu tafuta jiwe mapema, uliweke nyuma ya gurudumu kabla punda hawajachoka. Njiani nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza kwa nini ananifundisha kazi itakayomwondoa yeye.

"Gari limekwisha kununuliwa, mpwa wangu," alisema. "Mzigo wangu lazima nimtwike mtu. Nataka uwe wewe."

Nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni. Alijua, akatangulia mbele.

Nilirudi kwa yule Mhindi nikamsimulia barabara, kona kwa kona, hadi mahali pa jiwe. Safari hii hakuna aliyecheka. Akaniambia nije asubuhi nifunge punda.

Asubuhi hiyo wapagazi walisimama kando wakitutazama tukipakia chumvi. Mjomba alitoka kati yao, ameshika ngata yake, ile ya majani ya mgomba iliyozungushiwa kaniki, iliyokaa kati ya kichwa chake na mizigo ya watu miaka yote ile. Akaiweka juu ya ubao wangu wa kukalia. Alisema ubao ni mgumu na njia ni ndefu. Kisha akaenda zake nyumbani, mikono mitupu.

Nilijaribu kuikalia, nikashindwa. Nikaivaa kichwani. Niliingia Mlali hivyo, juu ya gari, ngata kichwani na hakuna kitu juu yake, na watu wakanicheka kuliko walivyonicheka dukani. Safari hii sikukasirika.