Spoku za Ndaki kwenye Mkia wa Ndege

Mume wangu Ndaki ni fundi baiskeli hapa Kagongwa, na watu wakitaka waseme najisifu, waseme tu: hapa mjini hakuna kama yeye. Shule aliishia darasa la nne. Lakini mpe chuma akishike, atakuambia kitakatikia wapi. Mimi nauza vitunguu kibanda cha pili kutoka chake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa, nimeyaona kwa macho yangu mawili.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya mahafali ya kidato cha nne, Mwalimu Selestine anayefundisha fizikia alikuja na boksi refu. Ndani mna ndege ndogo ya rimoti, imetoka nje ya nchi. Mabawa tayari, mota tayari, imebaki kuunganishwa tu. Alitaka kuirusha mbele ya wazazi, ila spana na yeye haviivi.

"Fundi, funga kama karatasi inavyosema. Usiongeze lako."

Ndaki, Baba Ritha ninavyomwita mimi, akazimwaga skrubu zilizokuja na ndege kwenye sinia. Akaikaza moja kidogo tu, kichwa kikalika. Ya pili hivyo hivyo. Kisha akaushika ule waya unaovuta mkia ili ndege ipande au ishuke, akaubonyeza kwa vidole viwili, ukapinda. Akautikisa mkia wenyewe, unacheza.

"Hii nayo wanasema iko tayari kuruka? Hata baiskeli ya mtoto siifungi hivi!"

Basi, hapo akawa hasikii la mtu. Waya akautoa, akaweka spoku mpya za baiskeli, zile njiti za chuma za gurudumu, maana hazipindi ovyo na ncha zake tayari zina nyuzi za kukazia nati. Skrubu zote akazitupa, akaweka za chuma kigumu, na nati ndogo zenye plastiki ndani, zile zisizolegea kwa mtikisiko.

Mwalimu alipokuja kuona, sura ikambadilika. "Wewe fundi baiskeli unawasahihisha watu wa kiwandani? Kila kitu humu kimepigiwa hesabu ya uzito! Ikianguka, nitawaambia wazazi wote ni kazi ya nani."

"Waambie, Mwalimu," akajibu taratibu. "Na jina langu nitalitaja mwenyewe."

Jamani! Nilitamani kumziba mdomo. Kibanda kile ndicho kinachotulisha. Jina likichafuka mbele ya wazazi wa kata nzima, nani atamletea tena baiskeli?

Na niseme ukweli, Mwalimu hakukosea yote. Alipoondoka tu, Baba Ritha aliinyanyua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa, mkia ukaenda chini. Chuma kimezidi nyuma. Akaipima tena, mkia chini vile vile.

Nikamwambia, "Baba Ritha, wewe wa kushindwa na hili? Si kama baiskeli ya mkaa? Gunia likikaa nyuma sana, gurudumu la mbele linanyanyuka. Sogeza mzigo mbele!"

Akanitazama, akacheka sana. Akachonga nafasi, akaisogeza betri hadi karibu na pua. Ndege ikatulia vidoleni. Mimi siku tatu nzima nilitembea kwa maringo, sikusalimia mtu kwanza.

Siku ya mahafali Mwalimu, hana ndege nyingine, akashika rimoti hivyo hivyo; ndege ikapaa juu ya uwanja wa mpira, watu wakapiga makofi. Baba Ritha hakupiga. Mara kisulisuli kikaibuka nyuma ya goli, vumbi tupu, kikaikamata ndege na kuigeuza pua chini. Watu wakapiga kelele. Mwalimu akavuta kijiti cha rimoti mpaka mwisho. Nikauona mkia unatetemeka, na moyoni nikakiona kibanda chetu kimefungwa kufuli.

Spoku hazikupinda. Ndege ikainua pua karibu kabisa na nyasi, ikazunguka, ikatua kwa kishindo, ikadunda mara mbili, ikasimama kwa magurudumu yake.

Kelele zilizopigwa hapo! Baba Ritha akakimbia hadi katikati ya uwanja, akapiga magoti, akaigeuza ndege tumbo juu. Akaanza kuvuta spoku moja moja na kujaribu nati moja moja, utadhani yuko peke yake. Mwalimu akamfuata, akapewa maikrofoni, akasimama pale anamtazama. Kisha akasema, uwanja mzima unasikia:

"Fundi, naomba ruhusa yako. Niirushe tena?"

Baba Ritha hata kichwa hakuinua.

"Subiri."

Wakasubiri. Mgeni rasmi, mkuu wa shule, wazazi wa kata nzima, wanamsubiri mume wangu amalize. Akaijaribu nati ya mwisho, akajipangusa mikono kwenye suruali, akainuka.

"Haya, rusha."

Nilipanda juu ya kiti cha plastiki nikapiga vigelegele mpaka koo likauma. Aliyekuwa hajui nimeolewa na nani, siku ile alijua.