Toki Renchi Niliyofungulia Nati

Shule niliacha darasa la tatu, injini nimejifunza kwa kuchubuka mikono. Nasema hivyo ili ujue sikuzoea kuuliza mtu. Karakana yangu ya Mkumbi niliianza na spana chache na nyundo, na leo wenye mashine wananitafuta mpaka kutoka Ruanda, ile ya huku kwetu Mbinga.

Toki renchi niliinunua Songea. Ni spana ya kupima nguvu: unazungusha mpini hadi kwenye namba unayotaka, unakaza nati, na nguvu ikitimia inagonga, tak, ujue hapo uache. Dukani zilikuwepo fupi na ndefu. Nikachukua ndefu kuliko zote, kama mtu anayechagua mpini wa jembe. Muuzaji akanipa na karatasi ya maelezo, ya Kiingereza. Nikaitumia kufungia soketi, vile vichwa vya kuvalisha kwenye nati.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni Mnyasa wa kule ziwani. Alipohamia kwetu mlimani alipanda na injini ya dizeli iliyokuwa ya boti, akaifunga kwenye mashine ya kumenya kahawa mbivu. Majirani wote wakawa wanamenyea kwake. Kabla ya msimu uliopita ikaanza kutema moshi na kuishiwa nguvu, akaniita. Gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake, ilikuwa imechoka.

Nati za hedi zilikuwa zimeshikwa na kutu ya miaka ya ziwani. Ningezimwagia dizeli zikalala nayo, ningezigongagonga, ningechukua mpini mtupu wa soketi. Mpini ninao. Lakini shemeji alikuwa amekaa pale ananichokoza.

"Watu wa mlimani bwana! Nati tu mnaisalia rozari?"

Nikaona nimwonyeshe. Nikavalisha soketi kwenye toki renchi yangu inayong'aa, nikachomeka bomba la maji kwenye mpini ili urefu uongezeke, nikaning'inia. Ikalia tak, nikaendelea kuvuta. Nati ya kwanza ikaachia kwa mlio kama mfupa unaovunjika, na nyingine zikafuata. Shemeji akapiga makofi. Nikaweka gasketi mpya, nikakaza kwa toki renchi ileile mpaka tak, nikamkabidhi injini yake.

Kahawa ikaiva kwa mkupuo. Siku ambayo marundo yalikuwa yamejaa uani kwake, gasketi ikapasuka, mvuke ukaruka. Kahawa mbivu haingoji. Isipomenywa siku hiyo inachacha. Watu wakabeba zao, wakaenda kuzianika na maganda yake. Jasho la mwaka mzima likawa kahawa ya daraja la mwisho.

Nilipofungua hedi tena, nati zilizunguka kirahisi mno, kama vifuniko vya chupa. Nikajua mkono wangu umo, ingawa sikujua kwa namna gani. Shemeji kasimama kando, anasema, "Ni mimi huyu. Nimeiendesha mfululizo, sikuipumzisha."

Nikamjibu, "Injini nayo inataka kupumzika, shemeji."

Maneno hayo ni ya kweli. Ndiyo maana yananiuma kuliko uongo.

Jumamosi kwenye jumuiya, baada ya sala, akasimama akaomba radhi mbele ya majirani kwa tamaa yake. Mama mmoja akamwambia wazi, "Mwakani mimi kahawa yangu napeleka Mpepai." Mimi nikaanzisha wimbo. Huwa wananiachia nianzishe kwa sababu sauti ninayo.

Haikupita muda dada akaja kunieleza kwamba mume wake anatafuta mnunuzi wa mashine. Anasema yeye si mtu wa kuaminiwa na kahawa ya watu. Nikaichukua toki renchi, nikaenda nayo Mbinga mjini kwa fundi mmoja wa magari, mgeni aliyehamia huku kwa kazi. Akaniamkia, akailinganisha na ya kwake.

"Mzee, hii umefungulia nati?"

"Nimefungulia."

"Hii ni ya kukazia tu. Ukifungulia nati ngumu, tena kwa bomba, springi ya ndani inaharibika. Inagonga mapema. Unadhani umekaza, kumbe bado."

Nikamwomba aniazime ya kwake.

Shemeji nilimkuta anaosha mashine ipendeze kwa mnunuzi. Nikamwambia, "Injini niliiharibu mimi."

Akacheka. Mimi na yeye ni watani, kila tunaloambiana ni mzaha. "Ndiyo, na mvua ya juzi uliinyesha wewe."

"Nasema kweli."

"Wewe, fundi mkuu? Kaungame kwa padri, mimi niache nioshe mashine."

Nikaweka gasketi mpya, nikarudisha hedi, nikampa toki renchi yangu avute mwenyewe mpaka tak.

"Imekaza," akasema.

Nikampa ile ya kuazima, nimeiweka namba ileile. Akavuta. Nati ikazunguka. Ikazunguka tena, ndipo spana ikagonga. Akajaribu ya pili. Alipofika ya tatu kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Siku ile kwenye jumuiya ulikuwa unanitazama."

"Nilikuwa naimba."

Akakaza zote zilizobaki bila kunirudishia spana, mimi natazama mgongo wake. Dada akaleta chai, akaona hatuchokozani, akaiweka chini akaondoka.

"Jumamosi jumuiya ni hapa kwangu," shemeji akasema alipomaliza. "Uje na hiyo fimbo yako ya tak, uwaonyeshe majirani. Na wimbo ataanzisha mtu mwingine."