Mstari Mweupe Katikati ya Kioo

Kioo kile kiliposumbua kwa mara ya tatu, fundi hakukipeleka tena kibandani kwake. Alitia bisibisi na chuma cha kulehemu mkobani akaenda kukaa nacho kulekule nyumbani kwa mama mkwe wake.

Kilikuwa kioo cha zamani cha kuonyesha picha, kama cha televisheni, kizito, chenye mgongo mrefu, kilichounganishwa na mashine ya kutarizi nembo za sare. Kila kiliposumbua, saa isiyojulikana, picha ilisinyaa ikabaki mstari mmoja mweupe katikati. Kibandani kiliwaka kutwa bila kasoro, utadhani kinamkejeli. Vioo vya aina ile haviuzwi tena, na bila kioo mashine nzima ni chuma chakavu. Mama mkwe alikwisha kata shauri: kikizima tena wiki hii, anauza kila kitu anahamia kwa mwanawe. Mwanawe huyo, mume wa fundi, alikuwa ameshaanza kutoa masanduku chumba cha nyuma kumwandalia. Majirani nao walicheka chini kwa chini kwamba hajapata kutokea fundi mwenye sababu nzuri namna hii ya kutoshindwa.

"Leo siondoki," fundi alisema, akavuta kigoda. "Wewe fanya kazi, Mama. Mimi natazama tu."

"Ufundi wa siku hizi mtamu," mama mkwe alisema. "Mtu anatazama tu."

Akatarizi nembo ya kwanza, akatarizi ya pili. Juu ya kioo alikuwa ametandika kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili, kuzuia vumbi la nyuzi. Fundi alikiangalia kile kitambaa, akajikasirikia kwelikweli. Kibandani, jambo lake la kwanza kila mara lilikuwa kufungua mgongo. Kioo kilipigwa na upepo kikapoa. Hakuwahi hata siku moja kukiacha kipate joto.

Mama mkwe alipomwona anakikodolea macho, akanyoosha mkono akiondoe.

"Kiache, Mama. Tena niongezee na shuka."

Dakika arobaini hazijatimia, picha ikasinyaa. Mstari mweupe.

"Safi kabisa," fundi alisema, uso umemkunjuka.

"Kazi yangu imekufa, wewe unafurahi?"

Fundi alifungua mgongo upesi kabla joto halijatoka, mkono mmoja kaurudisha nyuma kwa kuuheshimu umeme, wa pili ukibonyeza kwa kijiti cha plastiki, kiungo kimoja baada ya kingine. Alipofika kimoja, picha ikaruka ikajaa kioo. Risasi ya kulehemu ya pale ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele: ikipata joto inaachia, ikipoa inashika. Akazima, akamaliza umeme uliobaki ndani, akayeyushia risasi mpya. Akafunga mgongo, akarudisha kitambaa na shuka juu, kwa kukijaribu tu. Ikapita saa moja, zikapita mbili. Picha haikutikisika.

"Unadhani sijui kwa nini umehangaika hivi?" mama mkwe aliuliza, macho kwenye kioo.

Fundi aliona haya mpaka masikio yakawaka. Kukana asingeweza.

"Nusu ni hiyo, Mama. Nusu nyingine, sikutaka kukuona umekaa bure."

Mama mkwe aliligusa shuka juu ya kioo.

"Mimi nilikuwa silali," alisema. "Nawaza nitakavyokuwa chumbani mule kwenu, nawasikia mnafunga mlango mnakwenda kazini." Akaondoa shuka, akalikunja taratibu. "Haya, nipe ule uzi mweusi."