Chumvi Iko Wapi?

Mwalimu wa Kiingereza hurekodi masomo yake ndani ya kabati la nguo, maana humo hakuna mwangwi. Hujibana kati ya makoti, simu mkononi, akawa muuzaji, akawa mteja, akawa hata mbuzi wa mteja. Kisha huzipachika sauti hizo kwenye picha katika kompyuta ya shule, vidole vikirukaruka kama bisi kwenye sufuria. Basi siku moja akaja mkaguzi kuamua kama kompyuta ibaki au iende shule nyingine, na darasa lenyewe muhula mzima halijafungua kinywa kwa Kiingereza. Mwalimu akaonyesha picha ya jiko, akabonyeza. Badala ya muuzaji, ikanguruma sauti ya mumewe: "Mama watoto! Chumvi umeiweka wapi?" Lo! Iliingia alipokuwa akirekodi kabatini, naye alisahau kuikata. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini msichana wa dawati la mbele akaikazia macho picha, akajibu kwa Kiingereza kuwa iko nyuma ya birika. "Birika gani, wewe? Ile ni sukari!" akadakia jirani yake, kwa Kiingereza vilevile. Darasa zima likalipuka kwa ubishi, hadi mkaguzi naye akanyoosha mkono, akiapa ameiona kando ya masufuria. Wakati wa mapumziko mwalimu akampigia mumewe, machozi ya kicheko yakimtiririka: "Baba watoto, jioni nikiingia kabatini, potelewa na kitu kingine. Na upige kelele!"