Mtu Aliyetundikwa kwa Mguu Mmoja

Karata ikilala mkekani kati ya watu wawili wanaotazamana, maana yake ni ile inayoonekana kutoka upande wa nani? Tangu wakati ule nimesoma mengi, mengine kwa ajili ya swali hilo tu, na bado sina jibu.

Tulikuwa Mpwapwa, nyumbani kwa mama mkwe wangu, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakifungwa na mitumba ikajaa kila gulio. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini, akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Mimi, pamoja na shahada yangu, nilikuwa nangoja ajira ambayo serikali ilikuwa imeacha kuitoa, na nangoja mtoto. Mtoto wa pili. Wa kwanza nilimzalia humu humu nyumbani; alitanguliza miguu, kichwa kikakwama, tukamzika bila kumsikia akilia.

Sasa mkunga wa kliniki alikuwa amenipapasa tumbo, kisha akasema, "Huyu naye amekaa kitako. Usingoje uchungu, mama. Nenda ukajifungulie hospitali ya mkoa, Dodoma, na uende kabla mvua hazijafunga njia."

Mama mkwe hakutaka. Dada yake aliwahi kwenda hospitali kupasuliwa. Aliingia kwa miguu yake, akarudishwa amefunikwa shuka. Kwa hiyo kila alasiri alinilaza na kunikanda tumbo kwa mafuta ya karanga yenye uvuguvugu, kama walivyokanda wakunga wa ukoo wake tangu zama za misafara, akimbembeleza mtoto ageuke. Nilimwachia. Mkono wake ulikuwa mwema, nami nilikuwa tayari kushika chochote.

Karata zilitoka katika mfuko wa koti. Mama mkwe aliuza mitumba, nguo tulizoziita kafa Ulaya, na alipofungua robota jipya alizikuta zimefungwa kwa mpira pamoja na kijitabu cha Kiingereza. Alikuwa amezoea kuwatazamia watu kwa karata za kawaida, za kopa na shupaza. Hizi zilikuwa za picha: mnara uliopigwa na radi, mwanamke anayemimina maji ardhini, mifupa iliyopanda farasi.

"Msomi wetu, tusomee," alisema wifi yangu, ambaye hakuwahi kunipa nafasi ya kupumua. "Au huko chuo kikuu hawakuwafundisha mambo ya maana?"

Nikawasomea. Mnara, kijitabu kilisema, ni kuporomoka kwa kile ulichokidhani imara. Mama mkwe akasema ni radi tu, na mwenye nyumba aliambiwa asijenge kilimani, hakusikia. Mwanamke wa maji aliitwa nyota, ishara ya tumaini.

"Tumaini gani?" wifi akadakia. "Amwage maji hivyo hapa Mpwapwa? Majirani watamfunga kamba!"

Tulicheka, na nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu. Kisha nikasoma kwamba ile mifupa si kifo, bali ni mwisho wa jambo moja na mwanzo wa jingine. Lakini mbele ya kwato za farasi palikuwa na mtoto amepiga magoti. Nilimwona, nao waliona kwamba nimemwona.

Jioni hiyo mama mkwe alizichanganya karata, akazitandaza mkekani. "Chagua moja ya mtoto." Nilikuwa nimekaa mkabala naye, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha. Nikagusa moja. Akaifunua. Mwanamume alikuwa ametundikwa mtini kwa mguu mmoja, mikono nyuma, uso umetulia, nuru imemzunguka kichwa.

"Alhamdulillahi!" mama mkwe akasema. "Kichwa chini, miguu juu. Ameshageuka huyu. Mikono yangu haijanidanganya."

Wifi akapiga kigelegele. Nikafungua kijitabu: aliyetundikwa ni ishara ya kungoja, ya kusalimu amri, ya kuyaacha mambo yajiendee. Picha na maneno vilikubaliana kwamba nibaki. Nakiri kwamba mwili wangu wote ulilegea kwa raha. Nilikuwa nimetamani mno kuambiwa hivyo.

Ndipo nilipoitazama karata yenyewe kutoka pale nilipokaa. Kwa upande wangu, mtu yule hakuwa ametundikwa. Alisimama wima kwa mguu mmoja, kichwa juu. Na chini ya mbavu zangu kitu kigumu, cha mviringo, kilinisukuma palepale kilipokuwa kikinisukuma siku zote. Nilijua ni kichwa cha mtoto. Nilikuwa sijataka kukitaja.

Nikafunua ukurasa wa karata zilizopinduka, kama hii ilivyokuwa kwangu. Maana yake ilikuwa fupi: kafara isiyofaa kitu.

"Mama," nikasema, "kwangu amesimama."

"Umekaa vibaya. Njoo huku uone."

"Nikija huko, tumbo hili nitaliacha wapi?"

Wifi alianza kucheka, akaacha. Mama mkwe aliigeuza karata, akaigeuza tena, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimeshamzika mmoja aliyetoka mikononi mwao, hao wa hospitali."

"Na mimi, mama, nimeshamzika mmoja aliyetoka mikononi mwetu."

Alizikusanya karata, akaingia chumbani kwake. Nami sikuwa na uhakika wa lolote. Huenda mkono wake ulikuwa umemgeuza mtoto kweli. Huenda nilikuwa najipeleka penye kisu kwa sababu ya mahali nilipokaa mkekani.

Asubuhi nilifunga kanga zangu ndani ya kikapu. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," aliitikia bila kunitazama. Kisha akamgeukia wifi: "Mbebee kikapu. Huoni hawezi kuinama?"

Wifi akakibeba, mara hii bila kunitania. Tulifika stendi, akanishika mkono nipande, akakaa kando yangu. Kondakta akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, nasi tukaondoka kwenda Dodoma.